Viporo vya Likizo Ofisini

Wiki ya kwanza ya Desemba ikifika, meza za maofisa utumishi jijini Dar es Salaam hujaa fomu za likizo. Mtu wa Rombo au Marangu anataka kuwahi tiketi kabla mabasi ya Moshi hayajajaa, maana Krismasi ya Mchaga ni nyumbani. Mwenye watoto anazitaka wiki hizohizo kwa sababu shule zimefungwa. Mhasibu naye kaomba, na bosi wake anamkumbusha kwamba hesabu za mwaka zinafungwa tarehe 31. Mkuu wa idara anazipitia fomu, anasaini chache, na kwenye zilizobaki anaandika mstari ambao waajiriwa wengi wanaujua kwa moyo: haiwezekani kwa sasa kutokana na majukumu ya ofisi. Januari inaingia, siku zile zinahamishiwa mwaka mpya, na mwaka mpya nao una Desemba yake.

Viporo vya likizo huanza hivyo, bila mtu yeyote kudhamiria kumdhulumu mwenzake. Baada ya miaka minne au mitano ofisi inaweza kujikuta na dereva anayedai siku 70, mtunza stoo anayedai 90, na mkuu wa idara mwenyewe anayedai 120 na ushee, ambaye huitaja hesabu hiyo kwa fahari kama mtu anayeonyesha nishani. Mhadhara huu umeandaliwa kwa ajili ya maofisa rasilimali watu, wakuu wa idara na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, na unashikilia hoja moja: aliyepewa na sheria mamlaka ya kupanga tarehe za likizo ndiye mwenye deni likizo hiyo isipochukuliwa. Deni hilo hulipwa kwa kumpa mtu muda wake. Halifutwi kwa waraka wa kurasa mbili unaobandikwa ubaoni mwezi Novemba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ndiyo inayoongoza sehemu kubwa ya ajira Tanzania Bara. Kifungu chake cha 31 kinampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12 ya kazi, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa ndani yake. Mwajiri ndiye anayeamua likizo ichukuliwe lini, ila amewekewa mpaka. Ni lazima ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Mpaka huo unaweza kusogezwa hadi miezi 12, lakini kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mfanyakazi awe ameridhia, na mahitaji halisi ya kazi yawe yanadai hivyo.

Kwa tarehe za kalenda, mambo huwa hivi. Mtu aliyeajiriwa tarehe 1 Julai 2022 alimaliza mzunguko wake wa kwanza tarehe 30 Juni 2023. Likizo ya mzunguko huo ilipaswa iwe imechukuliwa kufikia tarehe 31 Desemba 2023. Kama aliridhia kusubiri na kazi ilikuwa imebana kwelikweli, mwisho wa mwisho ulikuwa tarehe 30 Juni 2024. Kwa hiyo mfanyakazi anayedai likizo ya miaka minne ni ushahidi kwamba mpaka huo umerukwa zaidi ya mara moja, na kila ulipovukwa palikuwa na mtu mwenye kalamu.

Sheria hiyohiyo ina mlango wa pembeni. Mwajiri anaweza kumruhusu au kumtaka mfanyakazi aendelee na kazi katika kipindi cha likizo yake na kumlipa mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Mitaani wanaita kuuza likizo. Mlango huo nao una kizuizi: mtu asifanye kazi miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Kizuizi hiki husahaulika upesi, hasa pale ambapo mfanyakazi mwenyewe ndiye anayependa fedha. Ada ya shule ya Januari ni kubwa, kodi ya nyumba inadaiwa kwa miezi sita, na mshahara wa ziada unaonekana neema. Mwajiri naye anaona amepata mtu wa kazi bila kuajiri mwingine. Wote wawili wanafurahi, na likizo inageuka kuwa posho. Mwaka mmoja hauna ubaya mkubwa. Ikiwa desturi, lengo la kifungu limekufa.

Kuna aya ndogo katika kifungu hichohicho ambayo wafanyakazi wengi huijua siku wanapoondoka kazini. Inasema kwamba mfanyakazi hana haki ya kulipwa malimbikizo ya likizo ambayo hakuichukua ndani ya mipaka ile ya miezi sita au 12. Ikisomwa peke yake, aya hii ni upanga shingoni mwa mfanyakazi. Mtu kafanya kazi miaka saba, likizo amekwenda mara mbili, anaacha kazi na kuambiwa kwamba anacholipwa ni sehemu ya mzunguko wa mwisho tu, siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 alizofanya kazi. (Namba 13 ina hesabu yake: 13 mara 28 ni 364, yaani takriban mwaka mmoja.) Akitaka kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, madai ya namna hii yana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Wengi hufika wamechelewa, wamebeba bahasha yenye nakala za fomu zilizokataliwa.

Aya hiyo lakini haikuandikwa isomwe peke yake. Inataja mipaka ambayo mwenye kuilinda ni mwajiri, kwa sababu yeye ndiye anayeamua tarehe. Mfanyakazi aliyeomba Machi akakataliwa, akaomba Agosti akakataliwa, hakuchezea haki yake, na kumwambia baadaye kwamba siku zake zimekufa ni kumwadhibu kwa uamuzi wa mtu mwingine. Ndiyo maana fomu iliyokataliwa ni hati muhimu kuliko fomu iliyokubaliwa. Mfanyakazi aitunze nakala yake, na ofisi iitunze yake. Ofisi ambayo daftari lake la likizo lina mapengo itapata tabu kumwonyesha mwamuzi kwamba ilimpa mtu nafasi ya kupumzika.

Jambo hili limewasumbua majaji mbali kabisa na Dar es Salaam. Nchini Ujerumani, mtafiti mmoja alifanya kazi katika taasisi ya Max Planck kwa mikataba ya muda iliyofuatana, kuanzia mwaka 2001 hadi tarehe 31 Desemba 2013. Mwezi Oktoba 2013 mwajiri alimwandikia barua akimwalika achukue likizo yake kabla mkataba haujaisha. Hakumpangia tarehe. Mtafiti alichukua siku mbili tu, kisha akadai alipwe siku 51 zilizobaki za mwaka 2012 na 2013. Mwajiri akakataa, akitegemea sheria ya Ujerumani ambayo kwa kawaida huitaka likizo ichukuliwe ndani ya mwaka wake, na ikihamishwa kwa sababu maalumu, iwe imekwisha kufikia mwisho wa Machi.

Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, na hukumu ikatolewa tarehe 6 Novemba 2018. Majaji walisema mfanyakazi hawezi kupoteza likizo yake hivihivi eti kwa kuwa hakuiomba. Kwanza mwajiri athibitishe kwamba alimwezesha kweli: alimweleza kwa uwazi na kwa wakati ana siku ngapi, akamhimiza azichukue, akamwonya kwamba zitapotea. Mfanyakazi ni upande dhaifu katika mkataba, na anaweza kuogopa kudai. Upande wa pili majaji hawakuuacha. Mtu aliyeelezwa yote hayo, kisha kwa hiari yake na akijua atakachopoteza akakataa kupumzika, anaweza kuzipoteza siku zake, na mwajiri halazimiki kumburuta nje ya ofisi. Mahakama ya juu ya kazi ya Ujerumani ikaufuata msimamo huo Februari 2019. Mwaka 2022, mahakama ileile ya Luxembourg iliongeza kwamba hata ukomo wa miaka mitatu wa kudai hauwezi kumfunga mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakutimiza wajibu huo wa kumwarifu.

Hukumu hizo hazifungi mahakama ya Tanzania wala ya Kenya. Mantiki yake, hata hivyo, inaingia moja kwa moja katika mazingira ya hapa, na pengine inahitajika hapa kuliko huko. Mfanyakazi wa Berlin anaweza kuwa na baraza la wafanyakazi na bima ya mawakili. Msaidizi wa ofisi wa Ubungo au Mbagala ana hofu ya kuonekana mvivu.

Majirani wamepanga mambo kwa namna zao. Kenya, kupitia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inatoa siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Likizo inaweza kugawanywa kwa ridhaa ya mfanyakazi, ila sehemu moja iwe na wiki mbili za kazi zisizokatizwa, na sehemu hiyo ichukuliwe ndani ya mwaka uleule; iliyobaki isivuke miezi 18 baada ya kipindi hicho kuisha. Mpango huu unafanana sana na Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970. Uganda inahesabu siku saba kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, ambazo kwa mwaka zinafika 21.

Wiki mbili zisizokatizwa ni kipimo kizuri, na ofisi yoyote inaweza kukiweka katika kanuni zake hata pasipo sheria kuitaka. Mtu anayechukua siku moja moja, Ijumaa hii ya msiba na Jumatatu ile ya harusi, humaliza siku 28 asipumzike hata wiki moja. Mabenki yaliligundua hili kwa njia ya uchungu. Jérôme Kerviel, mfanyabiashara wa masoko ya hisa wa benki ya Société Générale ya Ufaransa, aliisababishia benki hiyo hasara ya euro bilioni 4.9 iliyotangazwa Januari 2008. Katika mwaka uliotangulia alikuwa amechukua siku chache mno za likizo. Sababu inaeleweka: angeondoka, mwenzake angekaa kwenye meza yake na kuyaona aliyokuwa akiyaficha. Wasimamizi wa mabenki nchini Marekani wamekuwa wakishauri kwa miaka mingi kwamba maofisa wenye nafasi nyeti wakae nje ya ofisi wiki mbili mfululizo kila mwaka. Keshia au mtunza stoo asiyetaka kabisa kwenda likizo si lazima awe mwizi, mara nyingi ni mwaminifu aliyeelemewa, lakini ofisi isiyomwondoa kwenye kiti haina njia ya kujua.

Suala la fedha nalo halijifichi. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 19 kinazitaka taasisi kuziingiza katika vitabu, kama deni, siku za likizo zilizolimbikizwa ambazo zinaweza kutumika baadaye. Wakurugenzi wengi hushtuka mkaguzi anapowaonyesha tarakimu. Ichukuliwe mfano wa fundi aliyekuwa na mshahara wa shilingi 900,000, ambaye likizo zake mbili ziliahirishwa na mkataba wake unaruhusu zihamishwe. Zingetolewa wakati ule, gharama yake ingekuwa shilingi 1,800,000, tena ingekuwa imeshameng'enywa ndani ya mishahara ya kawaida. Miaka minne baadaye amepanda cheo na mshahara wake ni 1,500,000. Siku zilezile sasa zina thamani ya 3,000,000, na akiacha kazi mwezi huo fedha hizo zinatakiwa taslimu. Deni la likizo hukua kila mshahara unapopanda, pasipo mtu kusaini mkopo.

Kwa nini basi watu hawaendi? Visababu viko vingi, ila kikubwa ni kimoja, nacho ni kaimu. Fomu ya likizo ina mahali pa kuandika jina la atakayeshika kazi, na katika ofisi nyingi mahali hapo ndipo fomu inapofia. Mkoani kuna daktari mmoja wa macho, mfamasia mmoja, mtaalamu mmoja wa maabara. Kwenye kampuni ndogo kuna mtu mmoja anayejua programu ya mishahara na nywila zote ziko kichwani mwake. Akiondoka, mishahara inachelewa. Hapa viporo vya likizo vinatoa taarifa ambayo bodi inapaswa kuisoma: kitengo hiki kina upungufu wa watu, au kina ujuzi uliofungiwa kwa mtu mmoja. Kumlazimisha mtu huyo kwenda likizo bila kumwandaa wa kumshikia ni kumpa wiki nne za simu. Na simu hizo zipo: kundi la WhatsApp la idara halijui kwamba mtu yuko Lushoto kwa mama yake. Likizo yenye vikao vya jioni kwa simu isihesabiwe kuwa imechukuliwa.

Kuna pia hofu ya kukuta kiti kimekaliwa na mtu mwingine. Na kuna nauli. Mtu wa Bukoba anayefanya kazi Mtwara, akiwa na mke na watoto watatu, hawezi kusafiri kila mwaka kwa mshahara wake, na kukaa nyumbani siku 28 akiuangalia mtaa kunamfanya aone heri aende kazini. Waajiri walioweka nauli ya likizo katika mikataba ya hali bora wanajua kwamba shilingi hizo huwatoa watu ofisini kuliko waraka wowote.

Australia imeandika utaratibu ambao unafaa kusomwa kwa makini na yeyote mwenye viporo vingi. Huko likizo ya mwaka ni wiki nne na huhama kutoka mwaka hadi mwaka. Tangu mwaka 2016, kanuni za kazi za sekta nyingi zinahesabu kwamba mtu amelimbikiza kupita kiasi akifikisha zaidi ya wiki nane, au 10 kwa baadhi ya wafanyakazi wa zamu. Hatua ya kwanza ni pande mbili kukaa na kutafuta makubaliano kwa nia ya kweli. Yakishindikana, mwajiri anaweza kumwagiza mfanyakazi kwa maandishi achukue likizo, kwa taarifa isiyopungua wiki nane wala kuzidi miezi 12. Kila kipindi kisipungue wiki moja, na baada ya agizo mtu abakiwe na akiba ya angalau wiki sita. Kilicho bora zaidi ni upande wa pili wa kanuni: mfanyakazi ambaye amekaa na limbikizo hilo zaidi ya miezi sita anaweza naye kutoa taarifa kwamba anakwenda likizo, na mwajiri hawezi kumkatalia. Silaha zimegawanywa kwa haki.

Japani ilikwenda kwa njia ya lazima. Kuanzia Aprili 2019, kila mwajiri ni lazima ahakikishe kwamba mfanyakazi mwenye haki ya siku 10 au zaidi amechukua angalau tano kwa mwaka. Asipofanya hivyo, faini inaweza kufika yeni 300,000 kwa kila mfanyakazi. Taifa lililokuwa na neno la kukitaja kifo kinacholetwa na kazi nyingi liliona kwamba kumwachia mfanyakazi aombe mwenyewe hakutoshi. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee. Ripoti hiyo ilipima saa za kazi, haikupima likizo, lakini mwili unaozichoka saa hizo ni uleule unaonyimwa wiki zake nne.

Ofisi inayotaka kuanza ianze na hesabu. Salio la likizo lichapishwe kwenye hati ya mshahara kila mwezi, karibu na makato ya hifadhi ya jamii ya NSSF au PSSSF, ili mfanyakazi na bosi waone tarakimu ileile kwa wakati mmoja. Ratiba ya mwaka ipangwe Januari idara nzima ikiwa imekaa pamoja, wenye watoto wa shule wagawane Juni na Desemba kwa zamu, anayefunga Ramadhani aseme mapema kama anataka siku zake ziangukie Idi. Mkuu wa idara apimwe kwa likizo za watu wake kama anavyopimwa kwa bajeti, na yeye awe wa kwanza kuondoka. Bosi mwenye siku 120 hana ulimi wa kumwambia karani aende.

Viporo vya zamani vinahitaji mkono mpole zaidi. Kuwatoa watu wote kwa mkupuo kunaua huduma, na kufuta siku zao kwa tangazo kunaua imani. Inafaa kila mwenye limbikizo aketi na ofisa utumishi, waandike mpango wa miaka miwili: likizo ya mwaka huu yote, pamoja na wiki mbili za zamani kila mwaka, tarehe zikiwa kwenye karatasi na jina la kaimu likiwa pembeni. Pale ambapo sheria na mkataba vinaruhusu, sehemu ndogo ilipwe fedha. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili lina sarafu mbili, muda na shilingi, muda utangulie.

Angalizo la mwisho ni kuhusu wanaoondoka. Si ajabu mtu aliyepewa notisi akaambiwa azitumie siku 28 za notisi kumalizia likizo yake. Kifungu cha 31 kinakataza: likizo ya mwaka haiwezi kuchukuliwa badala ya kipindi cha notisi. Kifungu cha 44 kinataka mwajiri, ajira inapokoma, alipe likizo ambayo mtu anastahili kisheria na hakuichukua, pamoja na ile ya mzunguko ambao haujakamilika. Wanaostaafu nao hawaji kwa kushtukiza. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akifika miaka 60, na tarehe yake ya kuzaliwa imo kwenye jalada tangu siku ya kwanza. Mpango wa kumaliza likizo zake uanze akiwa na miaka 57, sambamba na kumfundisha atakayekishika kiti hicho, ili barua ya kustaafu ikitoka, ukurasa wake wa likizo usome sifuri.